Kilo Mbili za Mzani

Siku moja dada mmoja mtafiti alikaa nami kwenye benchi la nje ya jengo la abiria, pale uwanja wetu wa ndege Kigoma, akafungua daftari na kuniuliza kama kiwanja kidogo cha mkoani kinaweza kustawi wakati maisha yanapanda kila kukicha. Nilikuwa nimevaa sare, nimepaka wanja, na nilijiona kweli mtu wa kuulizwa maswali ya namna hiyo. Nikamjibu kama niliyesomea. Nikamwambia mafuta ya ndege yamepanda na nauli imefuata, kwa hiyo mtu aliyezoea kuruka mara mbili kwa mwaka sasa anaruka akiitiwa msiba tu. Nikamwambia sukari, mafuta ya kula na mkaa vimemkaba mwananchi shingoni. Nikamwambia lami imesogea, mabasi yamekuwa mazuri, na treni ipo. Akaandika yote, akanishukuru, akasema nimemsaidia sana.

Yote niliyomwambia yalikuwa kweli. Lakini kuna jambo moja nililimficha, na kila nikikumbuka kalamu yake ilivyokuwa inakimbia kwenye daftari, natamani ardhi ipasuke. Naliandika hapa kwa kuwa yeye sitamwona tena, na kwa kuwa nimechoka kulibeba.

Nilikuwa mwajiriwa wa kampuni ndogo ya ndege ambayo siku hizi haipo. Tulikuwa na ndege moja ya pangaboi iliyokuja mara tatu kwa wiki, na ofisi yetu ilikuwa kaunta moja, viti viwili na mzani. Kazi yangu ilikuwa kupokea abiria, kutafuta majina yao kwenye orodha na kupima mizigo. Mwenzangu, mwanaume mtu mzima aliyenizidi miaka mingi, alikuwa wa kupakia. Meneja alikuwa akija na kuondoka, zaidi kuondoka.

Mzani wetu ulikuwa wa zamani, wa sahani ya chuma na mshale, na uso wake ulinitazama mimi, siyo abiria. Ukiuangalia asubuhi kabla hujaweka kitu, mshale hausimami kwenye sifuri. Unasimama kwenye mbili. Tulijua wote. Mzani mpya ulikuwa umeahidiwa tangu sijaajiriwa, na katika kuusubiri tukajitengenezea utaratibu wetu: mshale ukisema kumi na saba, wewe unasema kumi na tano. Unapunguza kichwani, abiria hajui lolote, na kila mtu anakwenda zake. Nilifundishwa utaratibu huo siku yangu ya kwanza kazini, kabla hata sijaonyeshwa choo kilipo.

Sasa, mtu wa Kigoma hasafiri mikono mitupu. Ukitua Dar es Salaam huna dagaa, wenyeji wako watakuuliza umetoka Kigoma ipi. Kwa hiyo abiria wetu walikuja na dagaa kwenye mifuko ya sandarusi, migebuka ya kukaushwa kwenye maboksi, na mawese kwenye madumu yaliyofungwa midomo kwa nailoni. Ndege yetu ilikuwa ndogo, na ruhusa ya mzigo ilikuwa kilo kumi na tano kwa kila mtu. Kilichozidi unalipia, au unakiacha. Wengi wasiokuwa na cha kulipia walikiacha, maana bajaji iliyowaleta ilikuwa imeshateremka mjini na hakukuwa na wa kumkabidhi.

Vitu hivyo vilivyoachwa tuliviita mabaki. Mwanzoni vilikuwa vichache, mfuko mmoja leo, boksi wiki ijayo. Tuliviweka kona kungojea mwenyewe, na asipotokea tukagawana, kwa sababu samaki hakai milele na ofisi ilikuwa inanuka. Sikuona ubaya wowote. Na kusema kweli, wakati ule ubaya ulikuwa haujaingia.

Naishi Rusimbi na mama yangu. Mama ni Muha wa Mwandiga, na ana kipande cha shamba huko mpaka leo, baba alishafariki. Kila niliporudi na mfuko wa mabaki, mama aliufungua, akanusa dagaa, akasema, “Abiria wenu wana roho nzuri sana.” Nami nilicheka tu. Nilimwacha aamini kwamba tunapewa.

Kisha maisha yakapanda. Mshahara ulibaki palepale, na kila nilipokwenda dukani nilikuta bei imeninunia. Tukaacha kununua mafuta ya alizeti, tukarudi kwenye mawese. Tukapunguza sukari, mama akasema hata daktari huwa anakataza. Nyama tukaisahau. Ndipo nilipoanza kuitazama kona ile ya mabaki kabla hata abiria hawajafika.

Wa kwanza kumfanyia namkumbuka vizuri. Alikuwa bwana mmoja aliyekuja anaongea na simu, hakunisalimia, akaangusha boksi lake kwenye mzani kama anatupa takataka. Mshale ulisema kumi na sita na nusu. Nilipaswa kusema kumi na nne na nusu. Nikasema, “Umezidi.” Alinitukana, akachomoa kifurushi cha migebuka, akakibwaga sakafuni, akaenda kupanda ndege. Niliwapika jioni ile kwa nyanya na bilinganya, na nilikula nikijiambia kwamba nimemtia adabu.

Baada ya hapo nilianza kuwatia adabu wasiosalimia. Kisha wanaosalimia kwa dharau. Kisha nikaacha kujisumbua na sababu. Wenye vyeo na wafanyabiashara wakubwa, ambao kesho wangeweza kumpigia meneja, hao niliwapunguzia kichwani kama kawaida. Nisiowajua niliwasomea mshale kama ulivyosimama. Mwenzangu wa kupakia aliona. Alisema mara moja tu, “Dada, mzani huo,” nikamjibu kwamba hata yeye anakula mabaki. Jioni alichukua fungu lake.

Basi asubuhi moja akaja bibi mmoja kutoka Ujiji.

Alivaa buibui lililopauka, na kiganja chake kilikuwa na hina mpya. Ndugu mmoja alimshusha kwenye pikipiki na kuondoka. Mkononi alikuwa na kibegi cha nguo, na kichwani kapu kubwa la ukindu, ambalo mdomo wake ulikuwa umeshonwa kuzunguka kwa uzi wa katani, mshono wa karibukaribu wa mtu asiyetaka hata punje idondoke. Alinisalimia yeye kwanza, “Assalaam aleykum mwanangu, umeamkaje, na nyumbani wazima?” wakati mimi ndiye niliyepaswa kumwahi kwa shikamoo. Nikampa shikamoo yangu ya kuchelewa. Akaiitikia kwa furaha.

Hakungoja kuulizwa. Alinieleza, mikono miwili juu ya kaunta, kwamba binti yake amejifungua Dar es Salaam, mtoto wa kwanza, na amepasuliwa. Alikuwa amejiandaa kwenda kumlea kwa treni, lakini habari ya kupasuliwa ilipofika, ukoo mzima ulichanga nauli ya ndege ili aingie kwa mwanawe siku hiyohiyo. “Yuko kwa wakwe zangu,” alisema. “Watu wazuri. Lakini ni wakwe.” Kisha akalipapasa kapu. “Humu mna kila kitu cha mzazi.”

Nilielewa. Mwanamke yeyote wa huku angeelewa. Mama akienda kumlea mzazi kwa wakwe, anaingia na chakula chake: dagaa wa mchuzi, samaki, unga wa uji, viungo vya supu. Siyo kwamba wakwe hawana. Ni mama mtu anaonyesha kwamba binti yake ana kwao. Kapu lile lilikuwa ndiyo heshima yake ya kuingilia mlangoni.

Akaliweka kwenye mzani, na kibegi juu yake. Mshale ukasimama kwenye kumi na saba.

“Bibi, umezidi kilo mbili,” nikasema.

Hakukasirika. Alishangaa tu. “Mwanangu, jana nimelipima dukani Ujiji. Kapu kumi na nne, begi moja. Kumi na tano kamili. Mwenye duka kaniambia hata nipunguze chumvi, nami nikapunguza.”

Nakumbuka nilivyomtazama usoni. Sikuona haya. Nikamwambia, “Mzani wa dukani siyo mzani wa ndege, bibi.”

“Aa,” akasema. “Basi atakuwa amekosea yule. Nisamehe mwanangu, mimi ndege sijapata kupanda.”

Aliniomba msamaha. Hapo ndipo ninapokwama kila nikikumbuka. Alikuwa sahihi mpaka gramu ya mwisho, na aliniomba msamaha kwa niaba yake na ya mwenye duka.

Kisha akafikiri, akanyanyua kibegi cha nguo kutoka kwenye mzani. “Nguo zangu zibaki. Nitavaa za binti.” Mshale ukarudi kumi na sita. Nikamwonyesha kwa kidole, ingawa hakuweza kuuona: bado kilo moja. Akauliza kama anaweza kulifumua kapu atoe kitu kidogo. Akajaribu uzi kwa kucha, kisha kwa meno. Uzi wa katani haukatwi kwa meno ya umri ule. Akaniuliza kama nina kisu au mkasi, nikamwambia vitu vyenye ncha haviruhusiwi uwanjani. Mkasi ulikuwa kwenye droo yangu, karibu na goti langu la kulia.

“Bibi, wenzako wanasubiri,” nikasema. “Ulipie au libaki.” Nyuma yake walikuwepo watu wawili tu, na ndege ilikuwa haijatua.

Cha kulipia hakuwa nacho. Alisimama kidogo, mkono kwenye kapu, nikaona anapiga hesabu ya kuingia kwa wakwe na kibegi cha nguo. Kisha akasema, “Niwekee basi mwanangu. Nitampigia jirani yangu, atakuja kulichukua. Wakila wanangu wa huku siyo hasara.” Nikamwambia sawa. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, “Mungu akulipe.”

Nilimtazama akitembea kuelekea kwenye ngazi za ndege na kibegi chake. Mwenzangu wa kupakia alikuja kuchukua mizigo, akaliona kapu limesimama peke yake pembeni, akaniangalia. Nikajifanya napanga karatasi.

Jirani hakuja mchana ule, na mimi sikumpa nafasi. Kapu la namna hiyo kugawana fungu kwa fungu niliona hasara. Ndege ilipoondoka nilikodi bajaji na kwenda nalo nyumbani. Njiani nilikuwa na furaha. Siwezi kusema uongo hapa. Nilikuwa nafikiria mwezi mzima bila kununua kitoweo.

Mama alikaa nalo ukumbini, akakata ule uzi kwa mkasi, taratibu, kwa sababu aliusifu mshono. Akaanza kutoa vitu. Dagaa wakavu, wasafi, waliochambuliwa mchanga wote. Migebuka iliyofungwa kwenye magazeti. Unga wa ulezi. Pilipili manga, tangawizi. Chupa mbili za mawese zilizovishwa soksi zisigongane. Na chini kabisa, zimekunjwa vizuri, vipande vya kanga kuukuu, vilivyofuliwa mpaka vikawa laini kama ngozi ya sikio.

Mama alikinyanyua kipande kimoja, akakiweka shavuni. Ni nguo za kumfungia kichanga. Hapa kwetu mtoto mchanga havishwi kitu kipya kigumu. Anafungwa kwa kanga ambayo mama na bibi wameivaa mpaka imelainika.

“Mwana wanje,” mama akaniita mwanawe kwa Kiha, “hili ni kapu la mzazi. Nani kajifungua?”

Nikasema ni la abiria, mzigo ulizidi, ameliacha.

“Ameliacha,” mama akarudia. Kisha akauliza, “Naye kaenda na nini?”

Mama alivikunja vile vipande upya, kimoja kimoja, akavifunga kwenye mfuko na kuviweka juu ya kabati. Dagaa alipika, kwa sababu nilikuwa na njaa na yeye ni mama yangu. Lakini yeye alikula ugali wake kwa mlenda, akasema tumbo limejaa gesi. Mimi nilikula dagaa. Walikuwa watamu kuliko dagaa wote niliowahi kula, na nikaongeza.

Kesho yake jirani wa yule bibi alifika uwanjani, mwanamke mpole mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa amepanda magari mawili kutoka Ujiji. Nikamwambia kwamba vyakula vinavyoachwa huteketezwa siku hiyohiyo kwa sababu za kiafya. Nililisema kwa Kiswahili cha ofisini, kilichonyooka, na yeye akaitikia kwa kichwa kama anayesomewa sheria. Akauliza, “Hata vitambaa?” Nikasema hata vitambaa.

Ni katika siku hizo ndipo yule dada mtafiti alipokuja na daftari lake. Aliniuliza pia kama abiria wana malalamiko yoyote kuhusu huduma. Nikasema hapana, watu wetu ni waelewa. Wakati huo huo pale sokoni Mwanga mtu alishaniambia usoni, hakujua nafanya kazi wapi, kwamba ile ndege ukipanda usibebe kitu, wale wanakula mizigo ya watu. Ujiji walikuwa wanaambiana hivyo msikitini na sokoni. Viti vilikuwa vinabaki wazi, sita, nane, kumi. Mafuta yalikuwa yamepanda kweli. Nauli ilikuwa imepanda kweli. Lakini bibi aliyechangiwa nauli na ukoo mzima, huyo hakushindwa na nauli. Huyo alikuwa ameshailipa, amefika mpaka kwenye kaunta yangu. Kiwanja kidogo kama chetu hakiishi kwa mabwana wenye mikoba. Kinaishi kwa bibi kama yule, aende, arudi, asimulie, na mwenzake naye achangiwe.

Niliseme kabisa hapa lililoipata kampuni, nisirudi huko tena. Mwaka ule haukuisha. Safari tatu zikawa mbili, kisha moja, kisha tukaambiwa turudishe sare. Siku chache kabla ya hapo nilimwomba mwenzangu bisibisi. Alilala kifudifudi, akazungusha skrubu ndogo chini ya mzani, na mshale ukateremka mpaka sifuri, ukatulia. Haikumchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Miaka yote ile ilikuwa skrubu. Siyo mimi niliyeiua kampuni peke yangu, najua, sijipi ukubwa huo. Lakini kila ninaposikia watu wakisema kampuni ile iliuawa na bei ya mafuta, huwa naangalia chini.

Narudi kwa bibi. Baada ya arobaini ya mzazi, na siku kadhaa juu yake, nilikuwa kaunta asubuhi nikamwona anaingia. Amekonda. Hakuwa na mzigo. Alikuwa amerudi kwa treni.

“Shikamoo bibi,” nikawahi safari hii.

“Marahaba mwanangu. Hujambo? Mjukuu wangu ni wa kiume, mzima kabisa.” Akaegemea kaunta. “Jirani kaniambia vile vitu vilichomwa. Sikuja kwa hivyo, sheria ni sheria. Nilitaka tu kuuliza vile vitambaa. Labda kuna mtu aliona havinuki samaki, akaviweka pembeni. Ile kanga ndiyo niliyombebea mama yake yule mtoto. Nilitamani na yeye afungwe nayo, hata akija likizo.”

Vilikuwa juu ya kabati letu, Rusimbi, mwendo wa bajaji usiofika robo saa. Ningeweza kumwambia akae, nimwagizie chai, niende kuvileta. Lakini kuvileta ilikuwa ni kusema kwamba havikuchomwa, na kusema hivyo ilikuwa ni kusema yote. Alikuwa ananitazama kwa matumaini madogo, ya mtu anayejua atakataliwa lakini ameona aulize tu.

“Vilichomwa, bibi,” nikasema. “Pole sana.”

“Haya mwanangu,” akasema. “Ahsante kwa kuniambia.”

Alipogeuka niliona amevaa ndala, na kisigino kimoja kimepasuka. Nilitaka kumwita. Sauti ilifika kooni ikarudi. Nimejaribu mara nyingi kujitetea kwa sauti ile iliyofika kooni, lakini kooni hakukumsaidia mtu.

Jioni hiyo nilimwambia mama kila kitu. Sijui kwa nini siku hiyo na siyo siku nyingine. Nilimwambia habari ya mshale, habari ya mkasi, jirani na vitambaa. Nilipofika kwenye zile kilo mbili, mama alinizuia kwa mkono. “Ngoja. Lilikuwa halijazidi?” Nikasema halikuwa limezidi. “Na ulijua?” Nikasema nilijua. Akauliza tena, polepole, “Na wale wengine, wenye roho nzuri?” Aliinama, akashika kichwa, nami nikatamani anitukane. Mama yangu hajui kutukana.

Asubuhi aliamka kabla yangu. Kapu lilikuwa nyuma ya mlango. Alilipangusa, akalijaza maharage ya shambani kwake Mwandiga, kwa sababu kwetu kapu la mtu huwezi kulirudisha tupu. Juu ya maharage akaweka mfuko wa vitambaa. Nilimwambia Ujiji ni kubwa, hatamjua. Akanijibu, “Bibi aliyetoka Dar kulea mzazi, nitaulizia. Au uje unionyeshe wewe?” Sikwenda. Nilisema nachelewa kazini, na siku hiyo hapakuwa na ndege.

Nilishinda ndani. Nilifagia ua mara mbili. Alirudi jua limeshaanza kupoa, bila kapu. Mkononi alikuwa na mfuko wa karatasi uliofungwa kwa uzi wa katani. Nilimpokea, nikampa maji, nikamwuliza kama alimpata.

“Nilimpata. Kanikaribisha vizuri. Tumekunywa chai.”

“Ulimwambia?”

“Nilimwambia ulichoniambia. Vitambaa nilimkabidhi, akavinusa, akalia kidogo.”

“Na alisema nini?”

Mama alinipa ule mfuko. Ulikuwa na dagaa, wasafi, waliochambuliwa mchanga. “Hakutaka nirudi mikono mitupu,” alisema. “Kawapima mwenyewe dukani, mbele yangu. Kanituma nikwambie: hizi hapa kilo zake mbili, asizitafute tena kwa watu.”

Nilishika mfuko ule sijui nimpe nani. Nikamwomba mama auweke, au ampe jirani, au autupe. Hakunisikiliza. Aliuchukua, akaenda jikoni, akawasha mkaa. Nilisikia mawese yakichemka, nikasikia harufu, na nilibaki nimekaa kwenye mkeka kama mgeni nyumbani kwangu. Alipomaliza alileta ugali mmoja na bakuli moja. Akaviweka mbele yangu, akanawisha mikono yangu yeye mwenyewe, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo. Kisha akakaa upande wa pili.

“Mama, tule wote,” nikasema.

“Mimi sikupimiwa,” akasema. “Kula. Hawa umepewa.”